Vijinzi vya kwenye makopo ya maua haviumi watu, sumu unayovipulizia ndiyo inayoumiza

Mama mmoja wa Rungwe Mpya, wilayani Kasulu, aliingia chumba changu cha kuonea wagonjwa akiwa na mtoto wa miaka miwili mgongoni na kopo la maziwa ya unga mkononi. Mtoto hakuwa mgonjwa. Shida ilikuwa ndani ya kopo: vijinzi vitano au sita vyeusi, vimekufa, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele.

"Shikamoo daktari. Nimeambiwa hawa ndio usubi," akasema. "Wamejaa kwenye makopo yangu ya maua na miche. Watoto wangu watapofuka?"

Nikamwuliza nani kamwambia hivyo. Kumbe alisikia redioni kwamba Rungwe kuna usubi na wananchi wanagawiwa dawa ya kumeza. Rungwe iliyotajwa ni ile ya mkoani Mbeya, upande wa Tukuyu, mbali kabisa na Rungwe Mpya ya Kigoma. Lakini mzazi akisikia jina la kwao na neno upofu kwa pamoja, hangoji kuletewa ramani. Jirani naye akamthibitishia kuwa vijinzi vile ndivyo vyenyewe.

Nianze na hofu hiyo, maana huyu mama si wa kwanza kuniuliza.

Usubi wanaoleta ugonjwa wa macho huzaliana kwenye mito yenye maji yanayokwenda kasi. Mabuu yao hung'ang'ania mawe na majani yaliyozama kwenye maji hayo. Mdudu mwenyewe ni mnene kidogo, mgongo wake umepinda kama wenye nundu, huuma mchana na kunyonya damu. Anayedhurika macho kwa kawaida ni mtu aliyeumwa mara nyingi, kwa miaka, akiishi au kulima karibu na mito ya namna hiyo. Maeneo ya Tanzania yanayojulikana kwa ugonjwa huu ni kama Mahenge, Tukuyu, milima ya Usambara na sehemu za Ruvuma. Ukiwa mkazi wa huko na wagawa dawa wakifika kwako, meza dawa, usiwakimbie.

Kijinzi cha kwenye kopo la maua ni mdudu mwingine kabisa. Ni chembamba, kina miguu mirefu kama ya mbu mdogo, na kinaruka kwa uvivu juu ya udongo. Mdomo wake haukuumbwa kutoboa ngozi. Hakinyonyi damu, hakileti malaria, hakileti usubi. Kinachoweza kufanya ni kukuingia puani, kufuata mwanga wa simu usiku na kuangukia kwenye chai yako. Ni kero, nakubali. Lakini sijawahi kumlaza mtoto wodini kwa sababu ya kijinzi hiki.

Nilipomweleza haya, mama alishusha pumzi. Ndipo nikauliza swali ambalo nilipaswa kuanza nalo: "Sasa, umewafanyia nini?"

Akanijibu bila wasiwasi. Alichukua kidogo dawa ya mahindi ya mume wake, akachanganya na maji kwenye chupa, akatoboa kifuniko kwa msumari na kunyunyizia makopo yote. Amefanya hivyo mara mbili. Makopo yamepangwa dirishani na kando ya ukuta, kwenye chumba anacholala na watoto watatu, kwa sababu akiyaacha nje mbuzi wanakula miche. Dawa iliyobaki ameihifadhi kwenye chupa ya soda, chini ya kitanda, "ili watoto wasiione."

Hapo nikaacha kabisa habari ya vijinzi.

Ndugu msomaji, tangu viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017, nyumba nyingi za wakulima wa mahindi zimezoea kuwa na dawa ya kuua wadudu wakati wote. Simlaumu mkulima. Kiwavi yule anaingia kwenye moyo wa muhindi na kumaliza shamba, na mkulima ana ada za shule za kulipa. Tatizo linaanza dawa inaponunuliwa kwa kupimiwa. Muuzaji anafungua chupa kubwa, anakumiminia kiasi cha fedha yako kwenye chupa ya maji au ya soda, unaondoka. Umeondoka bila lebo, bila jina la dawa, bila maelezo ya kipimo. Wiki moja baadaye hata wewe mwenyewe hukumbuki ni dawa gani.

Jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalifikirii ni kwamba dawa nyingi za maji za shambani, zikichanganywa na maji, hugeuka nyeupe kama maziwa. Mtoto wa miaka miwili anaona chupa ya soda yenye maziwa. Utamwambia nini?

Miaka ya nyuma nikiwa zamu ya usiku, baba mmoja aliletwa na pikipiki akiwa amempakata mwanawe wa miaka mitatu. Familia ilidhani ni degedege. Walikuwa wamempitisha kwanza kwa mtu wa kumtibu degedege, saa zikapita. Mtoto alikuwa amelowa jasho, mate yanamtoka bila kukoma, amejiendea haja ndogo na kubwa, misuli ya uso inachezacheza, kifua kinakoroma kama kimejaa maji. Nilipommulika macho, mboni zilikuwa ndogo kama ncha ya pini. Nguo yake ilikuwa na harufu kali, kama ya kitunguu saumu kilichooza. Shangazi yake ndiye aliyekumbuka kuwa mtoto alikuwa akichezea chupa iliyowekwa nyuma ya mlango.

Ile ilikuwa sumu ya kundi linaloitwa oganofosfeti. Inazuia mwili kuzima ujumbe wa neva, kwa hiyo tezi zinaendelea kutoa mate na majimaji, misuli inachoka, na mwisho mtu anashindwa kupumua. Tulimchoma atropini, tukarudia na kurudia mpaka kifua kikakauka, akawekewa oksijeni. Alipona. Siku ya tatu aliomba uji. Nakiri kwamba kama shangazi yule asingezungumza, huenda nami ningepoteza muda nikitafuta malaria, maana usiku ule wodi ilikuwa imejaa watoto wa malaria.

Kwa hiyo, kabla sijasema lolote kuhusu maua, shika haya. Mtoto akimeza dawa ya wadudu, au ukihisi amemeza, usimtapishe. Akitapika mwenyewe mlaze ubavu ili matapishi yasiingie kwenye mapafu. Usimpe maziwa, mayai mabichi wala mawese. Najua huku Kigoma mawese yanaaminika sana kwa sumu, na bibi atasisitiza. Mwambie bibi kwa heshima kuwa mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu ya mtoto aliyelegea, na kwamba baadhi ya sumu hufyonzwa upesi zaidi zikikutana na mafuta. Kama dawa imemwagika mwilini, mvue nguo zote, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, na wewe vaa mifuko ya plastiki mikononi unapomwosha kwa sababu sumu hii hupenya ngozi. Kisha nenda hospitali, na ubebe chupa yenyewe. Hata kama haina lebo, ibebe. Usisubiri dalili zianze. Na mafuta ya taa ni vivyo hivyo: kumtapisha mtoto aliyekunywa mafuta ya taa kunaweza kuyaumiza mapafu yake kuliko yale mafuta yaliyotulia tumboni.

Yule mama wa Rungwe Mpya nilimtuma nyumbani siku ileile. Watoto wahamie chumba kingine, madirisha yafunguliwe, sakafu na miguu ya kitanda ioshwe kwa sabuni, nguo na mashuka yaliyokuwa karibu yafuliwe peke yake. Chupa itoke chini ya kitanda.

Sasa turudi kwenye makopo, maana vijinzi bado vipo na mama ana haki ya kutovitaka.

Nilimwuliza makopo yake ni ya aina gani. Ni makopo ya mafuta ya kula na ndoo zilizovunjika mikono. Ameyatoboa chini? Hapana, kwa sababu maji yangechafua sakafu. Anamwagilia mara ngapi? Kila jioni, na siku nyingine asubuhi pia. Ugonjwa wenyewe ndio huo. Kijinzi hiki hakitafuti ua, kinatafuta udongo uliolowa. Jike hutaga mayai kwenye tabaka la juu la udongo, na anaweza kutaga mia moja na zaidi katika maisha yake ya siku chache tu. Yanatoka mabuu meupe yanayong'aa, yenye kichwa cheusi, yanayokula ukungu na majani yanayooza, na yakizidi hula mizizi midogo ya miche. Ndiyo maana mche wa nyanya unasinyaa wakati udongo umelowa chepechepe, na mwenye mche akidhani una kiu anauongezea maji. Kutoka yai mpaka kijinzi kinachoruka ni kama wiki tatu hadi nne, na kwenye baridi kama ya Kasulu yenye miinuko inaweza kuzidi kidogo.

Ukielewa hilo, utaona kwa nini kupulizia hakusaidii sana. Unaua vinavyoruka leo, mabuu yaliyo chini ya udongo yanaendelea kula, wiki ijayo vinatoka vingine, unapulizia tena.

Cha kwanza ni kutoboa. Pasha msumari moto, toboa matundu manne au matano chini ya kopo, weka kokoto kidogo ndani kabla ya udongo. Kama unaogopa sakafu, weka kisahani chini, lakini maji yakishuka kwenye kisahani yamwage. Usiyaache yalale, maana maji ya kisahani yana mteja mwingine nitakayemtaja baadaye.

Cha pili ni kuacha kumwagilia kwa ratiba. Chomeka kidole kwenye udongo mpaka pingili ya kwanza. Kikitoka na udongo uliokushika, usimwagilie leo. Kikitoka kikavu, mwagilia vizuri mara moja mpaka maji yatokee chini, kisha acha mpaka pakauke tena. Mabuu hayawezi kuishi kwenye udongo wa juu uliokauka, na jike hataki kutaga hapo. Mshubiri na mimea mingine yenye majani manene inaweza kukaa wiki na zaidi bila maji na ikakushukuru. Miche michanga ya nyanya na bilinganya haivumilii hivyo, kwa hiyo hiyo imwagilie kutoka chini: weka kopo lenye matundu kwenye beseni lenye maji kidogo kwa nusu saa, litoe. Mizizi inakunywa, juu panabaki pakavu.

Juu ya udongo tandaza mchanga mkavu, unene wa ukucha wa kidole gumba au zaidi. Mchanga unakauka upesi na vijinzi havipendi kutaga humo. Majivu makavu watu wanayatumia pia, na kidogo hayana neno, ila ukiyarundika kila wiki yanaharibu udongo.

Kwa mabuu yaliyokwisha kuingia, kata kipande cha kiazi mviringo kibichi, kilaze juu ya udongo upande uliokatwa ukiwa chini. Baada ya siku mbili kigeuze. Utayaona yamejikusanya hapo. Kitupe mbali, au wape kuku, weka kingine. Kwa vinavyoruka, chukua mfuniko wa plastiki wa rangi ya njano, upake mafuta ya mgando, uusimamishe kwenye kopo kwa kijiti. Rangi ya njano inavivuta, mafuta yanavinasa. Watoto wanafurahia kazi hii na haina sumu yoyote. Na unapoandaa udongo mpya wa miche, umwagie maji yanayochemka, uache upoe na ujichuje kabla ya kusia mbegu. Samadi mbichi usiitumie kwenye kopo la ndani. Inaleta vijinzi, inaleta nzi, na mikono ya mtoto inaweza kubeba mayai ya minyoo.

Mvumilie kwa mwezi mmoja. Wengi wanakata tamaa wiki ya pili wakati vizazi vya mwisho ndiyo vinatoka. Na mvua za huku, zinazoanza kama Oktoba na kwenda mpaka Mei, zinafanya kazi kuwa ngumu. Kopo lililo chini ya matone ya bati halitakauka hata ufanyeje. Lisogeze.

Nisijifanye bingwa. Dirishani kwangu kazini kulikuwa na mshubiri uliojaa vijinzi hivi kwa miezi. Nilikuwa nikiumwagilia kila Jumatatu. Nilikuja kugundua kuwa muuguzi naye anaumwagilia, na mama wa usafi pia kila anapopiga deki, kwa upendo tu. Tulikubaliana mtu mmoja. Vijinzi vikaisha bila dawa.

Hapa kuna jambo linalonisumbua zaidi. Nikimwambia mtu aache dawa za kiwandani, anajibu, "Basi nitatumia za asili." Kisha anataja maji ya tumbaku. Mkoa wetu unalima tumbaku, majani hayakosekani. Lakini nikotini iliyo kwenye maji hayo ni sumu kali ya neva, hupenya ngozi, na kiasi kidogo kinatosha kumfanya mtoto atapike, atetemeke na kushindwa kupumua. Wanaovuna tumbaku ikiwa na umande huugua kichefuchefu na kizunguzungu kwa kuigusa tu. Utupa nao, ule unaotumika kulevya samaki, unaua samaki kwa sababu ni sumu, hautageuka kuwa rafiki kwa vile umeota nyuma ya nyumba. Mwarobaini ni afadhali: majani yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha, yakachujwa na kumwagiwa kwenye udongo, hayana hatari kubwa. Lakini mafuta ya mwarobaini usimnyweshe mtoto kamwe, kwa minyoo wala kwa homa. Watoto wachanga wamewahi kupata degedege na kuumia ubongo kwa kunyweshwa mafuta hayo. Iwe ya asili au ya dukani, kama inaua mdudu, iwekee kufuli.

Ipo pia njia ya kibaiolojia ambayo Watanzania wengi hawajui kuwa tunayo. Mwaka 1976 watafiti waligundua katika jangwa la Negev, Israel, bakteria wa udongoni anayeua mabuu ya mbu bila kudhuru watu wala kuku. Bakteria huyohuyo hutumika duniani dhidi ya mabuu ya vijinzi vya kwenye maua. Kibaha, mkoani Pwani, kuna kiwanda kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba kinachotengeneza dawa ya aina hiyo kwa ajili ya viluwiluwi vya mbu. Ukikutana nayo, soma maelezo yake na uitumie kwa kazi iliyoandikwa. Kwa makopo manane ya nyumbani, hata hivyo, mchanga na kidole vinatosha.

Nilisema maji ya kisahani yana mteja mwingine. Ni mbu wa dengi, yule mwenye madoa meupe miguuni, anayependa maji kidogo yaliyosimama karibu na watu. Dar es Salaam imeugua dengi mara kadhaa, ikiwemo mwaka 2014 na 2019. Mbu wa malaria yeye anapenda zaidi madimbwi ya nje, na huku kwetu ndiye adui mkubwa: utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 uliikuta Kigoma ikiongoza nchini, karibu mtoto mmoja kati ya wanne wenye umri chini ya miaka mitano akiwa na vimelea. Nilimwuliza mama kama watoto wake watatu wanalala kwenye chandarua. Wawili ndiyo, mkubwa hapana, chandarua chake kimefunika kitalu cha mchicha ili kuku wasichakure. Alicheka mwenyewe aliponiambia.

Alirudi baada ya wiki tano, siku ya kumpima mtoto uzito. Watoto wote wazima. Miche miwili ya bilinganya ilikufa, vijinzi vimebaki vya kuhesabika kwenye kopo moja ambalo aligoma kulitoboa kwa sababu ni zuri. Mume wake amepigilia sanduku la mbao nje, juu ya mlango wa stoo, lina kufuli, na dawa ya mahindi sasa inakaa humo. Bado iko kwenye chupa ya soda. Nikamwambia amwombe mumewe, msimu ujao, anunue chupa ndogo iliyofungwa kiwandani yenye lebo, na aangalie ukanda wa rangi chini ya lebo: nyekundu ni sumu kali kupita zote, kisha njano, kisha bluu, kisha kijani, na hata ya kijani hainywewi. Hii ya sasa waiandike neno SUMU kwa kalamu ya wino usiofutika, pande zote mbili. Kalamu nilimpa yangu.